Ombi la Kukualika kwenye Mazishi ya Shangazi, Ambaye Hajafa

Kwa: Mheshimiwa Mbunge wetu
Kupitia kwa: Msaidizi wa Mheshimiwa
Kupitia kwa: Mlinzi wa getini, ambaye ndiye atakayeamua

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka mtaa wa ng'ambo ya mtaro. Natumaini hujambo, familia haijambo, na vikao navyo havijambo. Sisi huku ni wazima, kuanzia vichanga hadi wazee, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Kwanza nijitambulishe, ingawa sura yangu unaijua. Mimi ndiye mkodishaji wa maturubai, viti na jukwaa. Kila ukija msibani kuna mtu anayekuwahi na kitambaa, akapangusa kile kiti chenye mikono kabla hujakalia. Mtu huyo ni mimi. Wewe huniita Bwana Viti, nami sijakusahihisha, maana siku hizi hata mke wangu ananiita hivyo. Lile jukwaa ulilosimama wakati wa kampeni pia ni langu. Mbao zake ni nene, nilizichagua mwenyewe, kwa kuwa nilijua zitawabeba wewe na wapambe wako wote mkiwa mnarukaruka. Tangu uchaguzi upite zimeegemea ukuta nyuma ya stoo yangu, zinasubiri kampeni nyingine.

Nakuandikia kuhusu kidaraja. Kati ya mtaa wetu na zahanati unapita mtaro mkubwa. Zamani palikuwa na kidaraja cha kuvukia kwa miguu. Leo vimebaki vyuma viwili vilivyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na bomba la kushikilia upande mmoja. Mbao zilioza zikadondoka moja moja mpaka zikaisha. Vijana hupita juu ya chuma mikono wameitandaza. Sisi wengine tunashuka mtaroni na kupanda upande wa pili. Njia ya kuzungukia barabara kuu ipo, lakini inamchosha hata asiyebeba kitu.

Mimi nabeba kitu. Nambeba shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Yeye ni mzima kila mahali isipokuwa mguu wa kushoto. Ana kidonda cha sukari, na kila Jumatatu lazima kisafishwe na kufungwa upya. Namteremsha mtaroni mgongoni, namvusha, nampandisha. Mara ya mwisho niliteleza, tukaenda chini wote wawili. Alipoteza kiatu, na hakunisemesha mpaka jua lilipozama. Muuguzi hakutuficha: kidonda kikiachwa bila kusafishwa, mguu utakatwa. Na mvua ziko mlangoni. Mtaro ukijaa, hapiti mtu, mwenye mzigo wala asiye na mzigo.

Huenda ukauliza kwa nini hatujajenga wenyewe. Mheshimiwa, sisi ni raia na tunajua mipaka yetu. Daraja ni jambo la serikali. Linahitaji upembuzi, mchoro, bajeti na mkandarasi, na juu ya yote linahitaji mbunge. Nalisisitiza hili mapema ili nieleweke: bila mbunge, daraja halijengeki.

Kwa bahati, ofisi yako ilibandika bango kwenye ukuta wa zahanati lenye kichwa "Mfikie Mbunge Wako kwa Urahisi", na picha yako ukicheka. Njia zote zilizoandikwa humo tumezipitia, kwa mpangilio, kama ilivyoelekezwa. Malalamiko yangu, kwa unyenyekevu mkubwa, ni haya:

1. Simu. Namba ya kwenye bango nimeipiga hadi naijua kuliko yangu. Mara nyingi hujibu yule dada anayesema namba haipatikani. Ana sauti nzuri na hajawahi kunifokea, kwa hiyo yeye simlalamikii. Siku chache alizopumzika, alipokea kijana akasema uko kikaoni. Nilipiga Jumapili, uko kikaoni. Nilipiga siku ya mapumziko ya taifa zima, uko kikaoni. Shangazi alikuwa karibu yangu, akasikitika sana. Alisema huyo mtoto wa watu watamuua kwa vikao, na akaniagiza nikikupata nikuambie ule kwanza kabla ya yote. Basi ujumbe wake ndio huo.

2. Ofisi. Nilifunga stoo asubuhi, nikavaa shati la kola, nikaja. Pale kwenye chumba cha kusubiria kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Nasema hivi kama mtu wa viti: benchi lile litamwangusha mtu, na mtu huyo hatakuwa wewe. Msaidizi wako alinipokea vizuri. Aliuliza nimekuja kwa shughuli gani. Nikasema kidaraja. Akauliza tena, shughuli gani, harusi au msiba? Nikamweleza kwamba mbao zimeoza. Alinitazama kwa huruma, akavua kile kidude cha masikioni, akasema kwamba mzee wangu, mambo ya mbao ni mengineyo, na mengineyo hayana siku. Kisha akainama kidogo akanong'ona kwamba nilete msiba. Nikiwa na msiba atakupigia papo hapo, mbele yangu, na utapokea.

Mheshimiwa, sisemi haya kumsengenya. Katika watu wote niliokutana nao katika safari hii, ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli, na hata hakunidai soda.

3. Kundi la simu. Ofisi yako ilituunganisha sote kwenye kundi la jimbo. Kila asubuhi tunapokea ua jekundu na maneno ya kututakia siku njema. Lakini kundi limefungwa: mnaandika nyinyi, sisi tunasoma. Tulichoruhusiwa ni kubonyeza kale kasura ka kucheka au kulia tu. Basi mtaa ukakaa, ukakubaliana kwamba tukibonyeza kasura kanakolia, maana yake ni kidaraja. Asubuhi iliyofuata ua likaja, na sisi kwa umoja wetu tukalia. Jioni ofisi ikatoa taarifa kwamba wananchi wa ng'ambo ya mtaro wameguswa na salamu za Mheshimiwa hadi kutokwa na machozi.

4. Misiba. Hapa naomba uvumilivu, maana hili ni refu.

Baada ya ule ushauri wa msaidizi wako akili zilitufunguka. Tulikumbuka kwamba hujawahi kukosa msiba. Sikusifii kwa kukupaka mafuta, mimi ni shahidi wa macho. Unakuja kwenye jua, unakuja kwenye matope. Kuna siku ulifika kabla ya mwili. Kwa kweli, katika jimbo hili mtu pekee mwenye uhakika wa kukuona ni yule aliyefumba macho.

Tatizo ni kwamba msibani unaongea wewe, sisi tunasikiliza, kisha gari linawashwa. Kumkamata mbunge kwenye mazishi umweleze habari za mtaro ni utovu wa adabu, na sisi tumelelewa. Lakini ukiitazama ratiba vizuri, ipo nafasi moja ambayo Mheshimiwa hukaa kimya, mikono mapajani, na kumsikiliza raia kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kushika simu. Ni pale unaposomwa wasifu wa marehemu.

Tulianza na fundi viatu, kwa tahadhari. Kwenye wasifu wake tuliandika kwamba marehemu alizaliwa, akasoma, akaoa, akajaliwa watoto, na mara tatu akaanguka kwenye mtaro wa zahanati. Ulitikisa kichwa kwa uchungu. Ukasimama ukasema tumepoteza mtu aliyependa maendeleo. Kisha ukaondoka.

Akafuata mama muuza mkaa. Safari hii tulikaza kidogo. Tuliandika kwamba ameacha mume, watoto wanne, wajukuu na kidaraja kibovu. Ukatoa pole kwa wote walioachwa, bila kubagua.

Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu, na hapo tuliamua kutoremba. Wasifu wake ulikuwa na upana wa mtaro, urefu wa vyuma, idadi ya mbao zinazotakiwa na aina ya misumari. Ulisomwa kwa sauti ya huzuni, kipaza sauti kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Kina mama walilia. Mwanawe, aliyetoka mbali akafika amechelewa, alinifuata pembeni baadaye kuniuliza kama alikuwa kwenye msiba wa baba yake kweli. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba baba yake alikuwa mtu wa watu. Wewe uliahidi mbele ya umati kwamba utamuenzi mwalimu. Wiki iliyofuata msaidizi wako alitoa agizo kwamba kuanzia sasa wasifu usizidi ukurasa mmoja, na uletwe ofisini mapema ukaguliwe.

5. Dereva wako anaegesha gari juu ya kamba za turubai langu. Hili ni dogo na haliingiliani na mengine, lakini nisipolisema litanikaba.

6. Upungufu wa misiba. Tangu mwalimu atutoke, Mheshimiwa, hakuna aliyekufa. Sijui ni hali ya hewa au ni ukaidi. Watu wanaamka, wanaoga, wanakwenda kazini, wanarudi. Mtaa mzima umenona. Hali hii imeleta maneno maneno yasiyokuwepo zamani. Wazee wanasema siku hizi wakiulizwa wameamkaje, anayeuliza anakuwa na matumaini fulani usoni. Babu wa nyumba ya kona amekataa kabisa kufungua mlango wa mbele kwa anayekuja kumjulia hali, anasalimia kupitia dirishani, tena amesimama wima kwa makusudi. Fundi cherehani alipata kikohozi, na kabla ya jioni alikuwa ametembelewa na watu watano, kila mmoja akiwa na jambo lake la kuongeza kwenye wasifu. Mmoja alitaka taa za barabarani ziingizwe. Fundi alipona kwa hasira.

Tulijaribu kuazima. Tulikwenda mtaa wa sokoni, ambako walikuwa na mgonjwa aliyekata kauli, tukawaomba watutengee aya moja tu. Walitukatalia kwa heshima. Mgonjwa wao alikwisha kupangiwa pampu ya maji, na kulikuwa na mabishano ndani ya familia kama transfoma itaenea. Mheshimiwa, hatuwezi kuendelea hivi. Raia anayefuata taratibu anajikuta anamwangalia jirani yake kama fomu ya maombi.

7. Suluhisho. Tulipokuwa tunakuna vichwa kibarazani kwangu, shangazi alikuwa ameinua mguu wake juu ya kigoda, anapepea nzi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema kama shida ni msiba, basi msiba uwe wake, maana yeye yuko bure Jumamosi.

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema kufa kwake si jambo la shaka, ni la tarehe tu, na hata kidaraja chenyewe kimesogezwa tarehe mara kwa mara bila mtu kushtuka. Hoja yake ikatuingia. Nami nimeifikiria zaidi, nikaona haina kasoro. Kama ahadi inaweza kutolewa miaka mingi kabla ya kazi, kwa nini mazishi yasifanyike kabla ya kifo? Wewe mwenyewe umezindua kisima kabla hakijachimbwa, na utepe ulikatika vizuri. Zaidi ya hapo, marehemu wote uliowahi kuwaaga hawakusikia hotuba zako, au kama walisikia hawakutujulisha. Shangazi atazisikia. Atakuwa amekaa kando yako, kwenye kiti cha pili chenye mikono, na akiridhika atapiga makofi.

Nilimpigia msaidizi wako kumdokeza kwamba kuna msiba Jumamosi. Alipokea kabla simu haijaita sawasawa. Hakuuliza amekufa nani. Aliuliza kama kuna mahali pa kugeuzia gari. Nilipomwambia mtaa wetu ni finyu, alichagua uwanja ulio mbele ya zahanati, upande wa pili wa mtaro, akasema utafika bila kukosa. Machozi yalinilenga. Mwaka mzima nimekutafuta nikiwa hai.

Hata hivyo sipendi udanganyifu, ndiyo maana naandika barua hii. Naomba rasmi yafuatayo:

(a) Uje Jumamosi kwenye mazishi ya shangazi yangu, ukijua kwamba bado yupo. Hatakulaza kwa maneno mengi.

(b) Hotuba yako isibadilike hata neno, isipokuwa pale unaposema "marehemu" useme "marehemu mtarajiwa". Ukisahau, hatakasirika.

(c) Usikilize wasifu wake wote. Nimeuandika mimi mwenyewe, nimeufinya ukaingia kwenye ukurasa mmoja kwa herufi ndogo, na ndani yake kila kitu kuhusu kidaraja kimo.

(d) Kama mpango huu utaonekana unafaa, uanzishwe jimbo zima. Kila mtaa upangiwe marehemu watarajiwa wake kwa zamu, ili wananchi wasitazamane vibaya. Na kwa kuwa ofisi yako ya sasa inasumbua watu kwenda mahali usipokuwepo, ihamishiwe makaburini, mahali ambapo kila mtu anajua atakukuta. Mabango nayo yarekebishwe: simu ifutwe, kundi lifutwe, libaki jeneza peke yake na picha yako, ila usiwe unacheka.

Nina imani ombi langu litafika mikononi mwako, likichelewa sana siku ya mazishi yangu mwenyewe.

Nifikishie salamu kwa mama watoto, kwa watoto, kwa dereva (nimeshamsamehe), kwa mlinzi wa getini na kwa msaidizi wako mkweli. Shangazi anamsalimia kwa namna ya pekee yule dada wa namba haipatikani, na anauliza kama naye huwa wanampa likizo. Babu wa nyumba ya kona anakusalimu kupitia dirishani. Fundi cherehani anasema hana kikohozi.

Ni mimi, raia wako mvumilivu na msikivu,
Bwana Viti

Nyongeza:

Mheshimiwa, barua ilikuwa tayari kwenye bahasha, nikaifungua tena kwa sababu ya mambo ya jana.

Jana tulifanya mazoezi ili Jumamosi tusiaibike. Kwa kuwa msaidizi wako alichagua uwanja wa zahanati, ilibidi turubai, viti, vipaza sauti na sufuria zivuke mtaro. Viti vyangu siwezi kuvitumbukiza kwenye matope, hasa kile chako. Basi nikakumbuka mbao za jukwaa zilizoegemea stoo. Tulizibeba watu sita, tukazilaza juu ya vile vyuma viwili, zikakaa kana kwamba zilipimwa hapo. Fundi wa kuchomea akazikaza kwa nati, seremala akasawazisha kingo. Tulianza baada ya chai, na kabla ya chakula cha mchana viti vyote vilikuwa upande wa pili. Wote tulikuwa tunahangaika na ujio wako.

Wa mwisho kuvuka alikuwa shangazi. Nilimgeuzia mgongo apande kama kawaida. Hakupanda. Alinipita, akashika lile bomba, akaenda kwa miguu yake, akiwa na gauni la msiba alilolivaa kwa mazoezi. Katikati akasimama, akatazama chini mtaroni kwa muda, kisha akageuka akauliza hiki alichokanyaga ni nini. Fundi akamtazama seremala. Seremala akanitazama mimi. Mimi nilitazama mbao zangu, Mheshimiwa, na nikawaza bajeti, mkandarasi na ule upembuzi.

Baada ya hapo alikaa kwenye kiti chenye mikono, akasema asomewe wasifu wake. Nikausoma. Nilisoma upana wa mtaro, mbao na misumari, mwaka mbao zilipoanza kuoza na mwaka zilipoisha. Nilisoma vizuri, hata nikatua mahali pa kutua. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Shangazi akauliza kama kuna ukurasa wa pili. Nikasema hapana. Akasema amesikiliza kwa makini ili asikie mahali alipoingia yeye, na hakusikia. Akasema hata ile ya kunibeba mgongoni nilipopata surua, kunivusha mtaro huuhuu nikiwa nimelegea, kwenda zahanati hiihii, nayo sikuiona ina maana ya kuandikwa. Hakunigombeza. Alisema taratibu, huku anakunja kitambaa chake, na mimi nilitamani turubai liniangukie. Nilimwelewa yule mtoto wa mwalimu.

Kisha akainuka. Akasema kwa kuwa yuko upande huu tayari, acha apite zahanati wakamwangalie mguu, ingawa haikuwa Jumatatu. Muuguzi anasema kidonda kinafunga.

Kwa hiyo ombi langu lote nimelifuta. Tafadhali Jumamosi usije, hakuna msiba. Najua ukisikia habari za kidaraja utatamani kuja kukizindua, na ndiyo maana nakutahadharisha mapema kwamba hakuna pa kusimama. Jukwaa lako ndilo tunalovukia.

Wasifu wa shangazi nimeuandika upya, na umepita kabisa kile kipimo cha ukurasa mmoja. Jana jioni nilimsomea sehemu ya surua, akanisahihisha mahali pawili. Daraja halimo. Wewe pia humo. Na hatuna haraka ya kuusoma hadharani.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, kwa miguu, maana ofisi yako iko njiani akitoka zahanati. Ukimkuta anasubiri, naomba usimkalishe kwenye lile benchi. Mpe kiti.